Kijiti Kilichofuata Maji

Hadija mwanangu, mama,

Nakusalimu kwa kalamu ingawa kesho asubuhi nitakuona hapa hapa, ukitafuta kiatu kimoja kama kawaida yako. Umekwenda Makebuko kumuaga shangazi yako, na mama yako yuko sokoni anakununulia vitu ambavyo huko Muyinga unakokwenda kuanza kazi vinauzwa kila kona. Nimefunga karakana mapema. Niko peke yangu, na jambo ninalotaka kukuambia najua kwa mdomo sitaliweza. Ningeanza vizuri, wewe ungesema kwa Kifaransa chako "Mais Baba...", lakini Baba, nami ningeishia kukuuliza kama umekula.

Mambo ya sabuni, chandarua na wanaume mama yako ameyamaliza. Mimi ninalo moja tu, lakini limekaa vibaya kichwani, sioni mwanzo wake. Basi nianze na kitu kilichoko mezani mbele yangu. Ni kabureta. Uliiona juzi ukaniuliza ni ya nani, nikasema ya mteja. Nilikudanganya. Ni ya kaka yako Yusufu, imetoka kwenye pampu yake ya maji, aliituma kwa basi niisafishe. Jana akapiga simu: "Baba, si Hadija iko nakuja Jumatatu? Mupe aje nayo ku sac yake." Nikasema sawa, utaitia mfukoni mwako. Nilisema sawa, mama, huku najua pampu hiyo ndiyo unayokwenda kuizima.

Unakumbuka wiki iliyopita tulipokuwa tunakula, ulivyotueleza kazi yako mpya kwa furaha mpaka bugali ukapoa. Unakwenda kupima maji ya lile bonde linalolindwa, kule nje ya Muyinga, na kuhakikisha hakuna anayeyavuta ndani ya mipaka. Ukasema, "Kazi ya kwanza iko kutoa motopompe zenye zimebaki." Nikakuuliza pampu zimebaki ngapi. "Wanasema labda moja tu yenye inatembea kweli. Zingine zote zilikufa, hiyo inakataa kufa." Mama yako akanitazama, nami nikaitazama sahani. Inakataa kufa kwa sababu baba yako ni fundi mzuri, na sifa hiyo ndiyo niliyoitafuta maisha yangu yote.

Wewe unajua Yusufu anauza vitunguu. Ni kweli anauza, na vitunguu vya pilau yetu ya Idi vinatoka kwake. Hukuwahi kuuliza vinalimwa wapi, wala sikulaumu, nani anahoji kitunguu? Vinalimwa ndani ya bonde, nyuma ya kibao kinachokataza. Pampu ni yangu. Nilimwachia tulipohamia Gitega, ulipokuwa na miaka minane. Tulikuambia tumehama kwa sababu mama yako alitaka kuwa karibu na ndugu zake, na hilo ni kweli, ila lilikuwa ukweli uliotufaa. Ukweli mwingine ni kwamba sikuweza tena kupita kule na kuwatazama watu usoni.

Mama yako anasema nisikuambie. "Muache mtoto aende na moyo mweupe," anasema, "mengine atayakuta mbele." Labda yeye ndiye mwenye akili hapa nyumbani. Lakini mficha uchi hazai, na kule utakutana na watu watakaokuuliza we ni mtoto wa nani. Ukiwajibu, wengine watanyamaza ghafla. Sitaki usimame pale hujui kwa nini wamenyamaza.

Tuliporudi kutoka Kigoma, na hiki Kiswahili changu cha Kigoma mnachokicheka, bonde lile lilikuwa na mafunjo yanayompita mtu kimo. Pembeni kulikuwa na ukangaga ambao wanawake walikata kusukia mikeka. Imisambi, wale ndege wenye taji, walipiga kelele alfajiri mpaka jirani mmoja akasema wanamtukana kwa jina. Katikati kulikuwa na maji ambayo hakuna aliyejua kina chake. Tayari lilikuwa linalindwa. Ndani hairuhusiwi kulima, lakini kando kando, wakati wa kiangazi, watu walilima nyanya, kabichi na vitunguu, na wakubwa wakakubali pampu ndogo ndogo kwa sharti moja. Sharti lenyewe lilikuwa kijiti.

Kijiti nilikichonga mimi, mti wa mkaratusi, nikautia alama kwa panga na mstari mwekundu wa rangi iliyobaki kwenye geti la mtu. Tulikisimika majini, jirani na ukangaga. Maji yakishuka chini ya mstari mwekundu, pampu zote zinanyamaza mpaka mvua. Na ili zinyamaze kweli, tulikubaliana kwamba kila jioni kila mwenye pampu anafungua buji, kile kidude kinachowasha moto kwenye injini, anakileta kwangu nakiweka ndani ya kopo la maziwa ya unga. Asubuhi wenye zamu wanakuja kuchukua zao. Walinichagua kwa sababu moja tu. Mikutano ile iliishia kwenye pombe ya ndizi, mrija unatoka mdomo huu unaingia ule, na mimi nimekaa na Fanta yangu. Mzee mmoja akasema, "Buji zikae ku Muislamu. Yeye hatalewa azisahau ku mufuko." Wakapiga makofi. Nisikufiche, nilijiona mkubwa. Mimi niliyekulia kwenye hema la wakimbizi, leo nimeshika maji ya kilima kizima ndani ya kopo.

Kiangazi cha kwanza maji yalishuka chini ya mstari, nikakataa kutoa buji. Nyanya za watu zikanyauka. Wengine waliacha kunisalimu, mmoja alikuja na kuku nikamrudisha na kuku wake. Nilikataa mpaka mvua ikanyesha. Nakuambia hili ili ujue kwamba niliwahi kuwa mtu wa namna hiyo, ingawa kwa msimu mmoja.

Kiangazi kilichofuata tulikwenda kusoma kijiti, tukakikuta kimesimama kwenye tope lililopasuka. Maji yalikuwa mbele kidogo, yanang'aa. Mtu mmoja akacheka. "Fundi, hii kijiti iko ku mukavu. Sasa itapima nini, umande?" Nami nikafikiri kifundi. Kijiti cha kupimia oili hukichomeki kwenye tairi, unakichomeka penye oili. Kipimo cha maji kikae majini. Niliona ni jambo la akili kabisa, tena nikashangaa kwa nini hatukuliona mapema. Tukaking'oa, tukatembea hatua kama kumi na mbili, tukakisimika tena. Maji yakawa juu ya mstari mwekundu! Wallahi tulifurahi. Nikarudi nyumbani nikagawa buji zote.

Siku ile hakuna aliyemdanganya mwenzake, na hapo ndipo ninapochanganyikiwa mpaka leo. Kama ningekula rushwa ningejua pa kutubia. Yule kuku ningempokea, leo ningesema ni kuku. Lakini nilikuwa na njaa gani? Nilikuwa mtu mwenye vipimo, na nilikiamini kipimo changu. Mwaka uliofuata tukakisogeza tena, na uliofuata tena. Kijiti kiliyafuata maji, na kila mahali tulipokisimika kilituambia kwamba maji yapo. Tangu utoto walituimbia haba na haba hujaza kibaba. Hawakutuambia kwamba haba na haba hiyo hiyo hukikausha.

Kulikuwa na mama mmoja, anaitwa Spès, mjane, jirani yetu wa upande wa chini. Huenda unamkumbuka, alikuwa anakupa miwa. Alisuka mikeka, na mikeka yake ilifika mpaka Kobero, mpakani. Asubuhi moja alinikuta nasafisha karakana, mkononi ana ukangaga mfupi kama kidole gumba, akauweka mezani kwangu kati ya spana.

"Fundi," akasema, "kijiti yako iko natembea. Ukangaga haina miguu."

Nikacheka. Nikamwambia, "Mama Spès, kazi ya mikeka na kazi ya mashine haziendi pamoja. Wewe suka, sisi tupime."

"Mi nakuambia tu. Zamani nilikata hapa karibu, mpaka ku kiuno naloa. Sasa natembea nusu saa na viatu."

"Mvua itakuja."

"Ego, itakuja," akakubali. "Lakini nani ataibakisha?"

Nilimwona kama mtu anayeniingilia kazi yangu. Aliuacha ule ukangaga pale mezani, nami nikaufagia pamoja na takataka. Baada ya miaka miwili hivi aliacha kusuka, akawa anauza sambaza, wale samaki wadogo, kwenye sinia, na mimi nilikuwa nanunua kwake kila Ijumaa, nyingi kuliko tulizoweza kula, bila kumwambia kwa nini. Mama yako alidhani nimependa sambaza. Sasa unajua.

Usije ukafikiri najibebesha kila kitu. Wiki nyingine nakaa hapa nasema, Swedi, acha ujinga, pampu zako zilikuwa ndogo. Waliolima mpunga huko juu walizuia mto mzima. Vilima vyote vilipandwa mikaratusi, na mkaratusi unavyokunywa unajua mwenyewe, umesomea. Mvua nayo imebadilika, haiji ilipozoea kuja. Haya yote ni kweli. Halafu nikiisha kujitetea vizuri kabisa, nakumbuka uzito wa kile kijiti nilipokuwa nakibeba begani kutoka kwenye tope. Labda wewe, ukishapima, utaweza kuniambia fungu langu lilikuwa lipi. Kama ni dogo niambie. Kama ni kubwa niambie vile vile, ila nipe nafasi nikae chini kwanza.

Mwisho wake ulikuja bila kishindo. Wakubwa walikuja, wakaona, wakapiga marufuku pampu zote, wakasogeza kibao. Wengine walitoa zao, wengine walikamatwa, nyingine ziliharibika wenyewe wakazitupa. Sisi tukahama. Yusufu alikuwa ameoa tayari, akabaki, nami nikamwachia pampu, nikamwambia aiuze. Nilimwambia mara moja tu, tena nikiwa napakia godoro, jinsi mtu anavyosema jambo asilotaka lisikiwe.

Kisha ikaja ile miaka ya kukosa petroli. Unaikumbuka, tulivyokuwa tunatembea kwa miguu mji mzima. Basi Yusufu alinipigia kunilalamikia, akasema pampu imelala tangu Ramadhani, na maji bondeni yamepanda kidogo, imisambi imerudi. Alinilalamikia, mama! Nikakaa na simu sijui nicheke au nilie. Mambo ambayo sheria, kibao na baba yako na kopo lake tulishindwa, foleni ya petroli iliyaweza. Halafu akapata watu wanaoleta petroli kwa bidoni kutoka Tanzania, na pampu ikaamka.

Kiangazi kilichopita nilikwenda kumwona mjukuu. Mlidhani ni hilo tu. Nilikuwa nimeapa moyoni kwamba nitamwambia Yusufu aache. Nilipita njia ya Karuzi nikiyapanga maneno, na nilikuwa nimeyapanga vizuri sana. Tukateremka bondeni pamoja asubuhi. Tulitembea tukifuata mpira wa kuvutia maji, umeungwa hapa, umeungwa pale, na mimi naungoja uishe, hauishi. Tulipita mahali ambapo zamani ungezama. Kulikuwa na imisambi wawili wamesimama kwenye ardhi kavu, kama wageni waliokuta mlango umefungwa. Mwisho wa mpira kulikuwa na kidimbwi, hakizidi uwanja wetu wa nyuma. Yusufu akanionyesha kwa mkono, uso wake unang'aa. "Baba, ona, maji bado iko."

Nilifungua mdomo. Kisha nikaona mpira unavuja kwenye maungio, maji yanapotea bure. Nikachuchumaa, nikatoa koleo mfukoni, nikakaza kile kibanio mpaka kikaacha kuvuja. Nilipoinuka, yale maneno sikuwa nayo. Yusufu akasema, "Merci, Baba, hiyo ilikuwa inanisumbua." Nikarudi Gitega. Nimeona aibu nyingi katika maisha haya, lakini ile ya kukaza kibanio sijui hata niiite jina gani, maana mkono ulifanya kazi nzuri.

Na leo asubuhi, kabla sijakaa kuandika, niliisafisha hii kabureta. Nimeipuliza matundu yote, nimeibadilishia kifuniko. Nilikuwa nayo mkononi nikijiambia nafikiria tu. Sasa iko hapa inang'aa, na mfuko wako uko pale mlangoni, umefunguliwa. Mkuki kwa nguruwe, watu husema. Siku zote hizi nimeshangilia kwamba binti yangu atawafundisha watu kuliacha bonde lipumue, sikufikiri kwamba mtu wa kwanza atakuwa mwanangu mwingine. Yusufu ana watoto wanne wanaokula pale. Siwezi kukuambia ni watoto wa watu. Ni wale wanaokuita shangazi.

Sijui barua hii ni ya kukuruhusu au ya kukuomba ruhusa. Nilidhani nikifika hapa nitakuwa nimejua.

Kuhusu kazi yako sina la kukufundisha, una vyombo ambavyo mimi sijui hata kuvitamka. Nakuomba tu, siku kipimo chako kikikupa jibu linalokufurahisha, angalia kwanza umesimama wapi, na mwaka jana ulisimama wapi. Na akija mtu asiye na chombo, ana kipande cha jani mkononi, mpe kiti. Mama Spès bado yupo. Usimwombe radhi kwa niaba yangu, hata akikuuliza habari zangu. Hiyo nitakuja kuisema mwenyewe, na kama nitafika pale nikaanza kumtengenezea mlango badala ya kusema, unikanyage mguu.

Niliacha kalamu hapo nikampigia Yusufu. Nikamwambia kabureta haiji.

"Kwa nini? Iko na shida?"

"Haina. Ni nzima. Haiji."

Nikamweleza kazi yako. Hakujua, alidhani unakuja kufundisha. Halafu akasema, "Kwa hiyo iko Hadija." Akasema, "Vitunguu iko na majani kama kidole, Baba. Wiki mbili bila maji, kwisha." Nikasema najua. "Motopompe ni we uliniachia." Nikasema ndiyo. "Na kijiti ni we ulisogeza, si mimi. Mi nilikuwa mutoto." Nikasema ndiyo, ni mimi. Nikamwambia aje Gitega tufanye kazi pamoja karakanani, na nikasikia mwenyewe jinsi maneno yale yalivyo mepesi, mkulima wa vitunguu katikati ya mashine zangu za kusaga. Akakata simu.

Nimekaa. Nimeswali alasiri vibaya, sijui rakaa zilikuwa ngapi. Nimeitia kabureta kwenye sanduku la vyuma chakavu, nikaitoa, nikairudisha. Nikaanza kukuandikia kwamba kaka yako amekasirika na kwamba kule usiende kwake, ukae kwenye chumba walichokutafutia kazini. Nimeikata ile mistari, utaiona imefutwa hapo nyuma ya karatasi, usihangaike kuisoma.

Maana simu imelia tena sasa hivi. Hakunisalimu. Aliuliza, "Hadija atalala wapi?"

Nikamwambia kazini kwake wamemwekea chumba cha kupanga, karibu na barabara.

"Aka, Baba. Hawezi kuwa na kaka Muyinga alale ku batu. Aje hapa. Bibi yangu amesha kutoa batoto ku chambre."

Basi mkewe amekwisha kukutolea chumba cha watoto. Nikamuuliza, taratibu, "Na pampu?"

"Hiyo tutagombana siku ya pili," akasema. "Siku ya kwanza tunakula."

Basi nenda kwake, mama. Siku ya kwanza mle. Ya pili mgombane, na usimwonee haya kwa sababu ni kaka yako, wala usimkaripie kwa sababu una karatasi ya serikali. Mkishindwa kabisa, nipigieni wote wawili kwa pamoja. Nitapokea, na safari hii nitakuwa sina koleo mkononi.

Baba yako,
Swedi